Saratani ya mlango wa kizazi: mwongozo kamili kwa mwanamke wa Mtwara na Lindi, kuanzia chanjo na kipimo cha siki mpaka Ocean Road

Saratani ya mlango wa kizazi haiji ghafla. Tangu kirusi kinachoileta kiingie mwilini mpaka saratani yenyewe ijitokeze, kwa mwanamke mwenye kinga nzuri hupita miaka 15 hadi 20. Kwa anayeishi na VVU bila kutumia dawa, muda huo hushuka hadi miaka 5 mpaka 10. Miaka yote hiyo mwanamke analima, anabangua korosho, analea watoto, na hasikii hata kichomi. Magonjwa yanayotupa nafasi ndefu namna hii ya kuyawahi ni machache. Hata hivyo, kila mwaka wanawake zaidi ya 10,000 nchini Tanzania wanakadiriwa kupata saratani hii, na wengi wao hufika hospitali wakati damu imeshaanza kutoka.

Nimeandika kwa ajili ya mwanamke wa Kusini, na pia kwa mume, dada au mwanawe atakayemsindikiza. Kuna jambo moja naomba ulishike kuliko mengine: wengi hawapotei kwa kukosa kipimo peke yake, wanapotea kati ya jibu na tiba. Mtu anaambiwa "kuna mabadiliko, rudi wiki ijayo", anapanda gari kurudi Kitangari, msimu wa korosho unaingia, msiba unatokea, mwaka unakatika. Kwa hiyo katika kila hatua usitoke chumbani bila tarehe, na bila kujua tarehe hiyo unakwenda wapi kwa nani.

Kwanza, jua kinacholeta ugonjwa

Karibu saratani zote za mlango wa kizazi zinatokana na kirusi kiitwacho HPV. Kina aina nyingi, lakini aina ya 16 na ya 18 peke yake husababisha takribani asilimia 70 ya saratani hizi. Huambukizwa kwa kugusana wakati wa kujamiiana, na kwa kuwa hukaa kwenye ngozi, kondomu inapunguza hatari lakini haiimalizi. Watu wengi walioanza kujamiiana hukipata wakati fulani wa maisha yao, na mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Shida ni pale kinapong'ang'ania.

Hapa nataka tuelewane, maana ndipo ndoa zinapovunjika bure. Kukutwa na HPV si ushahidi kwamba mtu ametoka nje. Mwanamke aliyeolewa na mume mmoja tangu usichana anaweza kuwa nacho, kwa sababu kinaweza kukaa kimya miaka mingi bila yeyote kati yao kujua. Mume anayeuliza "umekitoa wapi?" aelezwe hivyo, na ikiwezekana aelezwe na muuguzi mwenyewe.

Wanaoishi na VVU wako kwenye hatari kubwa zaidi, takribani mara 6 ya wengine. Sigara na ugoro navyo havisaidii.

Binti wa miaka 9 hadi 14: apate chanjo

Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima Aprili 2018, kwa wasichana wa miaka 14 na kwa dozi mbili. Mwaka 2024 ikahamia dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wapo waliodhani dozi ilipunguzwa ili kubana matumizi tu. Ushahidi upo, na sehemu yake ulitoka hapa hapa nchini: utafiti wa DoRIS uliofanyika Mwanza uliwafuatilia wasichana 930 wa umri huo, ukaonyesha kuwa dozi moja hujenga kinga inayodumu. Kenya nako, utafiti wa KEN SHE uliona dozi moja ikizuia maambukizi sugu ya aina ya 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18 ya mwanzo. Na Uskochi, walipopitia rekodi za wanawake waliokamilisha chanjo wakiwa na miaka 12 au 13, hawakumkuta hata mmoja aliyepata saratani hii.

Chanjo ni bure, shuleni na kwenye vituo vya afya. Binti aliyeacha shule ndiye anayesahaulika, kwa hiyo mpeleke kituoni mwenyewe na uitunze kadi yake.

Uvumi wa kwamba chanjo inafunga kizazi bado unazunguka. Ndani ya chanjo hamna kirusi, kuna ganda la protini tu linalofanana na la kirusi, na imetumika duniani tangu 2006. Kinachoharibu kizazi ni saratani yenyewe na tiba yake.

Umri huo wa chanjo ndio umri ambao mabinti wengi wa Kimakonde, Kimwera, Kimakua na Kiyao huchezwa unyago. Kungwi anasikilizwa na mwali, na mama wa mwali anamsikiliza pia, kuliko bango lolote la ukutani. Natamani kila kungwi wa Kusini, kabla hajapokea mwali, amuulize mama yake: huyu ameshachanjwa? Haigusi mila yoyote, na inaokoa.

Mwanamke wa miaka 30 hadi 50: nenda ukapime ukiwa mzima

Unayeishi na VVU, anza ukiwa na miaka 25, na ufuate ratiba ya CTC yako, yaani kliniki yako ya tiba ya VVU. Wengine, kipimo cha siki hurudiwa kila baada ya miaka 3. Uliyechanjwa pia utapima umri ukifika, kwa sababu chanjo haikingi aina zote.

Huduma hii inapatikana hospitalini na kwenye vituo vingi vya afya, kwa kawaida upande wa kliniki ya mama na mtoto au uzazi wa mpango. Vituo vingine huwa na siku maalumu, kwa hiyo kabla hujalipa boda kutoka kijijini, mwombe mhudumu wa afya ngazi ya jamii akuulizie, au piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Kwenye vituo vya serikali uchunguzi huu kwa kawaida haulipiwi. Zikija kambi za madaktari wilayani nenda, ila kabla ya kupanda kitandani uliza: nikikutwa na mabadiliko, nitatibiwa leo hapa hapa? Kama sivyo, wapi na lini?

Chagua siku ambayo huna hedhi. Usijisafishe ndani kwa vidole, sabuni wala dawa za kienyeji, na usiweke kitu chochote ukeni siku mbili kabla. Beba kanga mbili, moja ya kujifunika na moja ya kutandika.

Chumbani mambo yenyewe ni haya. Utavua nguo ya ndani, utalala chali na kukunja magoti. Muuguzi ataingiza kifaa cha kufungulia uke, ambacho huwa cha baridi kidogo. Vuta pumzi kwa mdomo, legeza mapaja, na kikiuma mwambie asimame. Atawasha taa aone mlango wa kizazi. Kisha atachovya pamba kwenye siki maalumu ya asilimia 3 hadi 5, aipake pale, na asubiri dakika moja. Utasikia muwasho mdogo, au husikii kitu. Nyama nzima hubaki na rangi yake ya waridi. Sehemu yenye chembe zilizoanza kuharibika hugeuka nyeupe, weupe mzito wenye ukingo unaoonekana wazi. Anaangalia, anafuta, anatoa kifaa, na jibu unalo palepale. Hakuna kizazi kinachovutwa wala nyama inayokatwa. Ukitaka uhudumiwe na mwanamke, sema mapema mapokezini. Na usijaribu kujipaka siki ya dukani nyumbani: itakuunguza na hutaona chochote.

Ukishapita miaka 50, kipimo cha siki hakitegemeki sana, kwa sababu eneo linalotakiwa kuonekana limerudi ndani. Uliza kipimo cha HPV chenyewe, kinachotafuta vinasaba vya kirusi. Hiki ni bora kuliko siki hata kwa wa umri mdogo, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye pamba, akiwa nyuma ya pazia. Jibu likiwa salama, mwanamke asiye na VVU anaweza kukaa miaka 5 au zaidi kabla ya kurudia. Hakijafika kila kituo, ukikikuta, usikiache.

Jibu likitoka

Ukiambiwa hakuna mabadiliko, andika mwezi na mwaka wa kurudi kwenye kadi yako ya kliniki, kisha endelea na shughuli zako.

Ukiambiwa kuna mabadiliko ya awali, usilie. Hiyo si saratani. Ni ile hatua ya katikati ambayo ndiyo sababu ya kupima, na hutibiwa kwa dakika chache. Zamani ilitegemewa zaidi tiba ya baridi kali, inayohitaji mitungi ya gesi, na kuifikisha mitungi hiyo Liwale au Nanyumbu ilikuwa kazi. Siku hizi kuna tiba ya joto: kifaa kidogo cha mkononi kinachofikia nyuzi 100 au zaidi na kugusishwa pale kwa sekunde 20 hadi 30, wakati mwingine zaidi ya mara moja. Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2019. Unasikia maumivu kama ya tumbo la hedhi. Mabadiliko yakiwa makubwa, daktari ataondoa sehemu hiyo kwa waya wa umeme akikuchoma ganzi.

Hapa ndipo pa kung'ang'ania. Omba utibiwe siku hiyo hiyo. Usikubali "utapigiwa simu" kirahisi. Kama kifaa hakipo au mtaalamu hayupo, uliza kituo kingine kilicho karibu, jina la idara na siku yao, na muuguzi akuandikie rufaa kwenye karatasi. Hospitali kubwa za kuulizia ni Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo kwa Mtwara, Mkomaindo kwa Masasi, Ndanda, na upande wa Lindi ni Sokoine na Nyangao.

Baada ya tiba utatokwa majimaji mengi ukeni kwa wiki kadhaa. Ni kawaida. Harufu mbaya, homa au damu nyingi si kawaida, rudi. Kujamiiana kunasimama wiki 4. Ni afadhali mume aambiwe siku hiyo hiyo: "Baba Asha, nimetibiwa leo, nesi amesema tukae wiki nne ili pakauke. Twende wote kesho akueleze kama una swali." Wanaume wengi wakielezwa kwa heshima wanaelewa, wanaoumia ni wale wanaokatazwa bila kupewa sababu. Ikishindikana kabisa, kondomu. Kisha rudi kupimwa baada ya miezi 12.

Jibu la tatu ni la kushukiwa saratani. Hapo hakuna kuunguza wala kugandisha. Kinatolewa kinyama, kinapelekwa maabara ya patholojia, na wewe unaanza safari ya rufaa nitakayoieleza mbele kidogo.

Dalili zisizosubiri ratiba

Damu baada ya tendo la ndoa. Damu kati ya hedhi na hedhi. Damu yoyote kwa mama aliyekwishakoma hedhi mwaka mzima, hata kama ni tone. Majimaji yenye harufu nzito yasiyosikia dawa. Maumivu ya kiuno na nyonga yasiyoisha, au mguu mmoja kuvimba. Mwenye dalili hizi asipangiwe kambi ya mwezi ujao, aende hospitali wiki hii, awe na miaka 22 au 70.

Si kila damu ni saratani, na kwa watu wa Kusini kuna jambo ambalo hata baadhi ya watoa huduma hulisahau: kichocho. Kichocho cha njia ya mkojo kipo Mtwara na Lindi miaka mingi, na mayai yake hukaa pia kwenye mlango wa kizazi na uke, yakileta vidonda, muwasho na damu baada ya tendo. Mwanamke anapewa dawa za magonjwa ya zinaa mara mbili, mara tatu, haponi, na mume anaanza kumshuku. Kama ulikua ukioga mtoni au bwawani, au utotoni uliwahi kukojoa damu, mwambie daktari bila kuulizwa. Tiba yake ni vidonge vya prazikwanteli. Kichocho cha muda mrefu huongeza pia hatari ya saratani ya kibofu, kwa hiyo kukitibu kuna faida mbili. Lakini kutibiwa kichocho hakufuti kipimo cha siki.

Matiti, kwa kifupi

Jizoeshe kuyajua matiti yako yalivyo kawaida. Nenda hospitali ukiona uvimbe, hasa usiouma, chuchu iliyoingia ndani ghafla, damu au maji kwenye chuchu wakati hunyonyeshi, ngozi iliyojaa vitundu, au tezi kwapani. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mwanamke afike kituoni mara ya kwanza. Ihesabu mwenyewe, na siku zikisonga bila jibu, dai rufaa. Kunyonyesha kwa muda mrefu kunapunguza hatari. Pombe inaiongeza, na mwili hautofautishi bia ya dukani na uraka wa mabibo.

Rufaa ya Dar es Salaam: jipange kabla hujapanda basi

Saratani ikiwa changa sana, upasuaji unaweza kutosha. Ikishasogea, tiba yenyewe ni mionzi pamoja na dawa za dripu, na kwa watu wa Kusini njia ya kawaida ni Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mionzi ya nje hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa takribani wiki 5, dripu mara moja kwa wiki, kisha mionzi ya ndani mara chache. Yote yanatakiwa yamalizike ndani ya wiki 8. Ukikatisha wiki mbili kwenda kwenye mnada wa korosho au arobaini ya ndugu, nguvu ya tiba inapungua, na siku ulizokosa hazifidiki zote. Kwa hiyo swali la kwanza la kikao cha familia liwe: mgonjwa atakaa wapi miezi miwili hadi mitatu, na nani atabaki na watoto? Nauli ndiyo ndogo kuliko yote.

Beba barua ya rufaa, majibu ya patholojia, na bloku ya nta yenye kinyama chenyewe kama maabara itakupa, kwa sababu ikikosekana unaweza kukatwa upya na kusubiri upya. Beba picha na vipimo vyote vya awali, kitambulisho, kadi ya bima kama unayo, na kadi ya CTC kama unatumia dawa. Piga picha kila karatasi kwa simu na umtumie ndugu mmoja. Usiye na uwezo, anza na Ofisa Ustawi wa Jamii wa hospitali inayokupa rufaa, akuandikie barua kabla hujaondoka. Kuanza kuitafuta ukiwa Dar kunakula siku.

Barabara nayo ihesabiwe. Mtwara mpaka Dar ni takribani kilomita 560, na masika yanaweza kuikata. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilisomba madaraja upande wa Kilwa na watu wakakwama siku kadhaa. Miadi yako ikiangukia Machi hadi Mei, ondoka wiki moja mapema.

Kabla ya mionzi damu yako ipimwe, maana mgonjwa mwenye upungufu wa damu hapati matokeo mazuri. Figo pia zipimwe, kwa sababu dripu inayotumika zaidi, sisiplatini, huzigusa. Usichanganye tiba hiyo na dawa za mizizi au "dawa za kusafisha kizazi" zinazouzwa kwenye magrupu ya simu. Hakuna iliyothibitishwa kutibu saratani hii, na baadhi ya mizizi huharibu figo hizo hizo.

Utafiti mpya, na maana yake kwako

Habari iliyonifurahisha zaidi miaka hii inahusu dawa za zamani. Utafiti wa INTERLACE, uliochapishwa Oktoba 2024, uliwahusisha wanawake 500 wa nchi tano, wakiwemo wa India, Mexico na Brazil. Nusu yao walipewa wiki 6 za dripu za kaboplatini na paklitakseli kabla ya kuanza tiba ya kawaida. Baada ya miaka 5, asilimia 80 ya waliopewa walikuwa hai, dhidi ya 72 ya wenzao. Dawa hizo mbili si ngeni na si za bei ya juu sana, ndiyo maana swali hili lina faida kwa mgonjwa wetu: "Daktari, mimi nafaa kupewa dripu za wiki sita kabla ya mionzi?" Jibu linaweza kuwa hapana kwa sababu za figo au hatua ya ugonjwa, lakini liulizwe siku ya kwanza, kwani mionzi ikishaanza nafasi hiyo imepita.

Dawa inayoamsha kinga ya mwili ipambane na saratani, iitwayo pembrolizumabu, ikiongezwa kwenye mionzi na dripu, nayo ilipandisha walio hai baada ya miaka 3 kutoka takribani asilimia 75 hadi 83, na Marekani iliidhinisha matumizi hayo Januari 2024. Bei yake iko mbali na mifuko ya familia nyingi. Familia isiuze shamba la mikorosho kwa kuisikia tu, izungumze kwanza na daktari wa saratani kuhusu nini hasa itaongeza kwa mgonjwa huyo.

Kwa waliowahi mapema, utafiti wa SHAPE wa 2024 ulionyesha kwamba kwenye saratani ndogo yenye hatari ndogo, kuondoa kizazi kwa upasuaji wa kawaida hakufanyi saratani irudi zaidi kuliko upasuaji mpana, unaoondoa pia nyama za pembeni ya kizazi, na matatizo ya mkojo yanapungua.

Ukirudi nyumbani

Mionzi ya nyonga husimamisha hedhi na uwezo wa kushika mimba. Anayetamani bado mtoto aliseme hilo kabla ya tiba. Joto la mwili, jasho la usiku na ukavu wa uke vitakuja mapema kuliko kwa wenzako wa rika moja, na vina msaada wake hospitalini. Uke pia hukaza na kushikana, kwa hiyo uliza kuhusu kifaa cha kuupanua na mafuta yake, uonyeshwe namna ya kukitumia kabla hujaruhusiwa. Wengi huona haya kuuliza, na wengi wa watoa huduma husubiri waulizwe. Mkojo au choo kikianza kupita ukeni, hilo si la kuficha ndani, rudi haraka.

Kliniki ya marudio kwa kawaida ni kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2 ya mwanzo, kisha kwa nafasi kubwa zaidi mpaka mwaka wa 5. Omba baadhi ya marudio yafanyike Mitengo, Ligula au Sokoine kama daktari wako wa Dar ataridhia, na uwe na nakala ya muhtasari wa tiba: hatua ya ugonjwa, kiasi cha mionzi, dripu ulizopata na tarehe ya mwisho. Damu ikitoka tena, hata miaka mitatu baadaye, nenda na karatasi hiyo wiki hiyo hiyo.